Mguu wa Lehakoe

Vereeniging,
9 Februari 1998

Dada 'Malineo,

Amani iwe hapo nyumbani. Huku tu wazima ila mvua haitupi nafasi, njia ya mazoezi imekuwa uji. Naandika mbiombio kwa sababu kesho gari la maiti la Ntate Khumisi linapanda Lesotho kuchukua marehemu, na dereva amekubali kuipitisha barua hii hadi njia panda ya kwenu. Usicheke. Posta ingechukua mwezi.

Ntate Khumisi ndiye yule mwenye biashara ya mazishi Sebokeng niliyekutajia. Ameniletea farasi jike wa miaka minne, mwekundu kama kaa la moto, jina lake Lehakoe. Dada, ana mbio sijaona. Tatizo ni lango. Siku ya mbio farasi wote wanaingizwa kwenye vile vichumba vya chuma, kila mmoja na chake, mpaka milango ifunguke kwa pamoja. Huyu haingii. Wanaume watatu wanamsukuma, naye anakaa kitako kama mbwa. Nimejaribu kumfunika macho, nimejaribu mjeledi, nimejaribu sukari. Mara mbili tumefukuzwa uwanjani watu wanatuzomea.

Niambie nifanye nini.

Gazeti wiki hii limeniita Mkono wa Mlimani. Wamenipiga picha nimevaa kofia mpya.

Mdogo wako,
Tsotang


Ha Mphoto, Semonkong,
20 Februari 1998

Tsotang mdogo wangu,

Barua imefika. Mwanangu Lineo alipoliona gari la maiti limesimama njia panda na dereva anamwita kwa jina, aliangua kilio kabla hajauliza nani amekufa. Nilitoka mbio nimeacha ugali wa papa jikoni, ukaungua. Safari nyingine tumia posta.

Farasi wako haogopi kile chumba. Anaogopa mlango unaofungwa nyuma yake. Kuna mtu aliwahi kumfungia mahali akamwumiza, na wewe na mjeledi wako mmemthibitishia. Weka mjeledi mbali. Mlishe humo humo kwenye chuma, asubuhi na jioni, milango yote miwili wazi. Mbele yake msimamishe farasi mzee mtulivu, aone mkia wake. Siku ya sita funga mlango wa nyuma nusu. Siku ya nane ufunge wote, kisha ufungue kabla hajamaliza kula. Usimtoe humo mbio hata mara moja kabla ya siku ya kumi. Na usimkaribie ukiwa na hasira. Hasira ina harufu.

Ntate Hlalele wa dukani huwasomea watu magazeti yako kwa sauti. Juzi niliwaambia wanaume wa pale kwamba nusu ya huo Mkono wa Mlimani ni yangu. Wamecheka mpaka mmoja akamwaga pombe yake. Sikujali. Siku moja utalisema mwenyewe, wataacha kucheka.

Dada yako,
'Malineo


Vereeniging,
6 Aprili 1998

Dada,

Ameingia! Ameingia kama bibi harusi, na ameshinda kwa urefu wa farasi wanne. Jumamosi iliyopita kashinda tena. Pitso Mabitle, ndiye anayempanda, alishuka akanikumbatia mbele ya watu, akasema, "Mwalimu, wewe ni mchawi, basi tu hujakamatwa." Ntate Khumisi analia machozi ya kweli kila akishinda, mtu ambaye kazi yake ni kuwatazama wengine wakilia.

Mwezi wa saba kuna mbio kubwa kuliko zote za huku. Tumemwandikisha. Wiki ijayo anakuja mwandishi wa gazeti kunihoji habari za maisha yangu tangu utotoni.

Nakutumia blanketi la sufu, la kahawia, la mistari. Livae kanisani.

Tsotang


Ha Mphoto,
2 Mei 1998

Tsotang,

Blanketi limefika, ni zito, asante.

Gazeti nalo limefika. Ntate Hlalele alilisoma dukani siku ya pensheni, watu wamejaa mpaka nje. Umesema hakuna aliyekufundisha, umezaliwa nayo. Umesema, "Nyumbani nina dada mmoja, mama wa nyumbani tu, farasi akipiga chafya anakimbilia ndani." Watu wote wakanigeukia. Mmoja akauliza, "'Malineo, ile nusu ya mkono iko wapi?" Mwingine akajibu, "Labda ni ule wa kushoto, wa kukorogea papa."

Niliondoka bila sukari niliyoifuata.

Sijakasirika, Tsotang. Ningekasirika ningekuandikia siku ile ile. Nimeona haya, na haya si hasira. Hasira ina mahali pa kwenda.

Kwenye kikaratasi ulichotia ndani ya blanketi uliuliza kwato za yule farasi wako mweusi zinazopasuka. Mpake mafuta ya kondoo, na apunguziwe shayiri.

'Malineo


Vereeniging,
11 Mei 1998

Dada,

Waandishi wanakata maneno, wewe hujui. Hata hivyo sitasema sikulisema. Nilitaka kucheka nao kidogo. Jiweke mahali pangu. Nilianza huku kwa kuzoa mavi, miaka kumi na moja, nikiitwa boi na watoto wadogo. Leo mimi ni mmoja wa weusi wachache wenye leseni ya kufundisha. Nimwambie Ntate Khumisi kwamba farasi wake wanafundishwa kwa penseli na mwanamke aliyeko mlimani? Atawahamisha siku hiyo hiyo. Nitalisema wakati wake.

Sasa nisikilize. Lehakoe ana kitu mguuni, mbele kushoto. Nyuma ya muundi, ule mshipa mnene, jioni unakuwa na joto na kauvimbe kadogo kama nusu ya yai la njiwa. Asubuhi kamekwisha. Hachechemei. Daktari alikuja asubuhi, hakuona kitu, nami sikumwambia habari za jioni. Pitso anasema akikata kona anamsikia "kama mtu anayemeza neno". Mbio ni tarehe nne Julai. Ntate Khumisi amealika ukoo mzima mpaka wa Botswana, amekodi hema.

Nimkimbize?

Tsotang


Ha Mphoto,
19 Mei 1998

Tsotang,

Usimkimbize.

Mshipa unaovimba jioni na kupona asubuhi ni kamba inayokatika uzi mmoja mmoja. Mbonyeze kwa kidole gumba, usiangalie mguu, angalia sikio. Sikio likirudi nyuma, basi. Msimamishe kwenye maji baridi ya mto kila siku, mpumzishe mpaka majani mapya yaote. Mwakani atakimbia. Mwaka huu hapana.

Nitakuambia jambo, na baada ya kulisoma usinijibu. Uliambiwa kwamba nyonga yangu iliharibika nilipoanguka gengeni nikiokota kuni. Ulikuwa na miaka saba. Sikuwa naokota kuni. Baba alikuwa na yule dume wa kijivu, na hakuna mtu aliyeweza kumpanda isipokuwa mimi. Basi alinivalisha suruali ya mjomba na kofia mpaka puani, nikawa nakimbia mashindano Semonkong kwa jina la mvulana. Tulishinda mara tano. Wa kijivu akaanza kuvimba mguu jioni. Nilimwambia baba. Baba akasema ameshatoa neno lake kwa chifu. Farasi aliniangukia kwenye kona ya mwisho. Wakanibeba na blanketi usoni, watu wasijue ni msichana, wakasema ni genge.

Miaka thelathini na nne nimesema ni genge. Hata mume wangu alikufa akijua ni genge.

Nasema tena, usimkimbize.

'Malineo


Vereeniging,
6 Julai 1998

Dada,

Salamu nyingi. Huku baridi kali. Mbio zimekwisha, hatukupata bahati. Lehakoe amepumzishwa kama ulivyosema.

Kazi ni nyingi, nitaandika tena.

Tsotang


Ha Mphoto,
13 Julai 1998

Tsotang,

Amepumzishwa. Umelitafuta muda gani neno hilo?

Jumamosi ile nilikuwa zahanati na Lineo na mtoto wake mwenye kifua. Theluji imefunga njia, tumekaa watu ishirini kuzunguka jiko na redio ya muuguzi. Mtangazaji akataja jina lako, wote wakanipisha karibu na redio kwa heshima. Akasema Lehakoe anaongoza. Kisha akasema, "Jamani, jamani," mara mbili, kama mtu wa kawaida. Akasema mguu wa mbele kushoto. Akasema wanaleta turubai la kumzingira, watu wasione akimalizwa. Akasema mpandaji yuko chini, hasogei.

Muuguzi akazima redio. Mama mmoja akaniambia, "Pole, ajali haina kinga." Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Ndivyo nilivyojibu.

Huyo Pitso anaishi? Ana mke?

'Malineo


Vereeniging,
22 Julai 1998

Dada,

Anaishi. Amevunjika nyonga na uti wa mgongo upande wa chini. Madaktari wanasema labda atatembea, kupanda hapana. Mke wake ni 'Mathabang, wana watoto watatu.

Kumekuwa na baraza la wasimamizi wa mbio. Waliniuliza, "Je, farasi huyu alionyesha dalili yoyote ya ugonjwa?" Dada, nilikuwa nimevaa suti. Ntate Khumisi amekaa nyuma yangu. Nikasema, "Hakuna, waheshimiwa." Wakatazama picha za filamu, wakasema Pitso alimkatisha kona kwa ghafla na kumpiga mjeledi kupita kiasi. Wamemfungia kupanda farasi mwaka mzima, mtu asiyeweza kugeuka kitandani.

Sijamtembelea. Kila nikifika kituo cha basi cha hospitali napitiliza.

Nina ombi. Zichome barua zangu. Ile ya mwezi wa tano hasa. Mwandishi mmoja anauliza-uliza watu, naye anajua nina dada. Usipofanya kwa ajili yangu, fanya kwa ajili ya watu kumi na wanane wanaokula kwangu.

Tsotang


Ha Mphoto,
9 Agosti 1998

Tsotang mdogo wangu,

Ile ya mwezi wa tano niliitia motoni. Nataka ujue hilo kwanza. Niliitia, ncha ikashika, kisha nikaitoa kwa mkono na kuisugua chini. Kidole kina lengelenge. Sikuitoa kwa sababu mimi ni mtu mwema. Niliitoa kwa sababu nilimwona baba, amesimama pale mbele ya watu anasema, "Binti yangu ameanguka gengeni," na mimi chini ya blanketi nasikia, nauma meno, namsaidia. Nilimsaidia baba maisha yangu yote. Labda hapo ndipo ulipojifunza. Za farasi nilikufundisha kwa maneno, na hii nilikufundisha kwa kunyamaza.

Tena kuna jambo jingine, nalisema huku uso unaniwaka. Ulipokuwa unashinda nilikuwa nafurahi kimya kimya. Usiku nilikuwa nahesabu: huyu ni wangu, na huyu ni wangu. Basi na huyu aliyekufa ni wangu pia, siwezi kuchagua.

Sitaipeleka kwa mwandishi wala kwa wasimamizi. Wewe ni damu yangu, na mimi si mtu wa kuuza damu. Nakurudishia. Iko humu ndani, imeungua pembeni tu, maneno yote yanasomeka. Sasa unayo wewe. Ukiichoma, itachomwa na mkono ulioiandika.

'Malineo


Vereeniging,
4 Oktoba 1998

Dada,

Nimekaa nayo wiki saba. Nilikuwa naiweka mfuko wa ndani wa koti, naihamishia suruali, naihamishia chini ya godoro. Farasi walinijua. Yule mweusi akawa hataki nimshike hatamu.

Mwezi uliopita Pitso alirudishwa nyumbani. Jumapili nikaenda. 'Mathabang alinifungulia, akaniita Mwalimu, akanipa kiti kizuri. Hilo ndilo lililonimaliza, kile kiti. Pitso amelala sebuleni kwa sababu kitanda hakipiti mlango wa chumbani. Kasema, "Ohoo, Mchawi kaja. Nilidhani umekamatwa."

Nikatoa barua. Sikuweza kusema, nikaisoma tu. Nilipofika kwenye nusu ya yai la njiwa nikarudia mstari ule ule mara mbili. 'Mathabang akainyakua, akaimaliza yeye. 

Pitso akauliza, "Dada yako alikujibu nini?"

"Alisema nisimkimbize."

"Barua yake iko wapi?"

Dada, hili sikukuambia. Yako niliichoma. Wala si baada ya mbio. Niliichoma Ijumaa, siku moja kabla. Nikamwambia hivyo.

Akacheka, kicheko kibaya, kimemwumiza mgongo mpaka akashika ukingo wa kitanda. "Unajua wasimamizi walipokuja hospitali kuchukua maelezo yangu niliwaambia nini? Niliwaambia, mimi nimelala, sijiwezi, muulizeni Mwalimu, yeye anajua kila kitu. Asubuhi ile nilikuambia farasi anameza neno. Ukaniambia, panda. Nikaamini utawaambia ukweli. Nilipoletewa ile hukumu, nilimwambia nesi wamekosea jina."

'Mathabang akaniambia, "Toka." Hakupaza sauti. Akachukua kile kiti akakitoa nje pamoja na mimi, akakipangusa.

Kesho yake niliipeleka barua kwa wasimamizi. Walinisikiliza nusu saa. Pitso amefutiwa adhabu, wamemtangaza redioni. Mimi nimenyang'anywa leseni miaka minane, na nikiwa nakaribia hamsini sijui nani atanirudishia. Ntate Khumisi alikuja mwenyewe kuwachukua farasi. Hakunitukana. Alisema, "Nimezika watu elfu nyingi, Tsotang, na sijawahi kudanganya kilichowaua." Gazeti limechapisha barua yote, pamoja na jina lako.

Nimebaki na mabanda matupu. Naomba kuja nyumbani. Kama huwezi kuniona, sema, nitaelewa.

Tsotang


Ha Mphoto,
29 Novemba 1998

Kwa Ntate Pitso Mabitle,

Hunijui. Mimi ni 'Malineo, dada yake Tsotang. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikianza naona nimeandika kujitetea.

Mwaka huu mwezi wa saba nilijua wewe umelala kwa ajili ya nini, na barua ilikuwa chini ya mto wangu. Nilikaa nayo wiki tatu baada ya kujua. Nikaitia motoni. Nikaitoa. Nikamrudishia yeye badala ya kukuletea wewe. Nilijiambia namheshimu aamue mwenyewe. Leo naona niliogopa tu kuwa dada aliyemuuza mdogo wake. Wewe ulikuwa mtu wa mbali, ingawa hata mimi nyonga yangu ilivunjwa na farasi wa kijivu wa baba, aliyekimbizwa na mguu mbovu hivyo hivyo. Nakuomba radhi kwa siku zile zote.

Yeye amefika. Aliteremka basi kituo cha kabla ya chetu, akaja kwa miguu kupitia mlima asionekane dukani. Lakini dukani hakuepukiki. Siku ya tatu nilimtuma chumvi. Alipoingia wanaume wakampisha mpaka kaunta. Kisha yule aliyenitania zamani akamwuliza, "Mwalimu, ni kweli yaliyoandikwa?" Ntate Hlalele ananiambia alivua kofia, akasema, "Ni kweli. Niliambiwa, nikajua, nikamkimbiza. Na aliyeniambia mlimcheka hapa kwa ajili yangu." Akalipa chumvi akaondoka, amesahau chumvi.

Tangu siku hiyo watu wananiletea farasi. Wanavua kofia mlangoni kwangu, wazee kwa vijana. Nilitamani jambo hili maisha yangu yote, na limekuja juu ya mgongo wako. Silifurahii kama nilivyodhani nitalifurahia.

Yeye anazoa mavi. Farasi hajawagusa, na mimi sijamwambia awaguse. Anataka kukuandikia. Anauliza kama utaisoma.

Amani iwe nyumbani kwako, na kwa 'Mathabang.

'Malineo


Sebokeng,
14 Desemba 1998

Mama 'Malineo,

Mke wangu ndiye anayeandika, mimi nasema. Mwandiko wangu ni wa kuku.

Nashukuru kwa barua. Wiki hizo tatu nimezisikia. Sitasema si kitu, maana zilikuwa wiki ambazo baba yangu mzazi alikataa kuja kuniona kwa sababu gazeti liliniita mwuaji wa farasi. Lakini umezitaja mwenyewe kabla sijakuuliza, na huko kwenye mbio sijakutana na mtu wa aina hiyo.

Nakuambia jambo ambalo hapa hakuna aliyeniuliza, na nadhani wewe ungependa kulijua. Watu wanasema Lehakoe aliniangukia. Sivyo hasa. Mguu ulipokatika nilisikia mlio, na nikajua, naye akajua. Angeweza kulala pale pale, na nyuma yetu kulikuwa na farasi kumi na wawili. Alipiga hatua nne kwa miguu mitatu, Mama, nne, mpaka kwenye ukingo, nje ya njia yao. Ndipo akalala. Nililala na mguu wangu chini yake na sikio langu kwenye shingo yake, na hakupiga kwato hata mara moja mpaka walipokuja na turubai. Niliwaambia watu wa hospitali, wakadhani ni dawa zinazosema.

Sasa natembea na magongo mawili. Asubuhi mwanangu Thabang ananipeleka kwenye ukuta wa uwanja, nasikiliza wanaofanya mazoezi. Ninawasikia wanaoumwa. Jana kulikuwa na mmoja, nikamwita mwalimu wake, akanipungia mkono akapita.

Kuhusu yeye. Mwambie asiniandikie. Sijui lini, labda siku moja, lakini sasa bado siwezi kufungua bahasha yenye mwandiko wake nikiwa na mikono iliyotulia.

Wewe niandikie. Kuhusu farasi, ukipenda. Kuhusu yule wa kijivu kwanza. 'Mathabang anasema nikuulize jina lake, kwa sababu kwenye barua yako hukulitaja.

Pitso Mabitle